Mwajuma Hakutuamini

Siku mliyoniaga nikistaafu, mmoja wenu aliniuliza ni mgonjwa gani sitamsahau. Nilikuwa na keki mdomoni, nikaahidi kuandika. Nadhani mlitegemea habari ya mtu aliyekata roho akarudi. Sina. Nina habari ya mwanamke aliyelala wodini kwetu miezi mingi bila kujigeuza, na wifi yake aliyetushuku sisi wote tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho.

Lakini nianze na shaka yangu mwenyewe, maana hiyo nilifundishwa kazini.

Nilifika Dodoma nikitokea chuo cha uuguzi, na sanduku la bati na viatu vyeupe vilivyonibana vidole. Kwetu ni Kondoa, kwa hiyo vumbi halikunishtua. Kilichonishtua ni Sista Damari, mkuu wa wodi ya wanawake, mama mrefu wa Kigogo aliyetembea kimya kama amevaa soksi tupu. Nilitegemea atanikabidhi mgonjwa. Akanikabidhi karai la glovu. Nyie mnavaa glovu moja na kuitupa. Sisi tulizifua, tukazianika kwenye waya, tukazipaka poda, na kabla ya poda kila moja ilipulizwa kama puto kutafuta tundu.

"Umepuliza?" aliniuliza.

"Nimepuliza, Sista."

"Puliza tena. Mwanzo ulipuliza kama mtu anayetaka kumaliza. Sasa puliza kama mtu anayetaka kuliona tundu."

Nikapuliza, na matundu nikayaona. Mpaka leo sijui kama ni masikio yangu yaliyofunguka au ni woga.

Ndivyo alivyofanya kazi zote. Ukimpa mapigo ya moyo, anakwenda kuyahesabu mwenyewe. Ndugu akisema mgonjwa amekula, atauliza amekula nini, nani alimwona, kisha atamfungua mgonjwa mdomo aangalie. Chupa ya chai kwake haikuwa chupa ya chai mpaka aifungue na kuinusa. Wenzangu walimwita polisi. Mimi nilimwogopa, kisha nikaanza kufanana naye.

Miaka hiyo ndiyo mambo yalipoanza kufunguliwa nchini. Mitumba ilifika mpaka Ihumwa, redio za kila aina zikawa zinapiga kelele mitaani, na maduka ya dawa ya watu binafsi yakaota ng'ambo ya barabara, yakitazamana na geti letu. Ndani, kabati letu lilikuwa na spiriti, pamba na matumaini. Nje, dukani, kulikuwa na kila kitu. Kwa hiyo tuliwaambia ndugu: nendeni mkanunue dripu, nendeni mkanunue sindano. Ndugu walilitazama kabati, wakalitazama duka, kisha wakatutazama sisi. Walichokuwa wanafikiri hakikuhitaji kutafsiriwa.

Katika hali hiyo ndipo alipoletwa Zuhura.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, upepo ule unaokuachia mchanga kwenye meno. Walimshusha kwenye pikapu: mume wake, Hamisi, aliyekuwa anauza vipuri vya baiskeli, na dada yake Hamisi, Mwajuma, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mbeba mizigo. Zuhura na Mwajuma walikuwa wanauza nguo pamoja kwenye kibanda kimoja Makole. Walikuwa marafiki kabla ya kuwa mawifi. "Mimi ndiye niliyemwoa," Mwajuma alizoea kusema. "Kaka yangu alipeleka mahari tu."

Zuhura alisema miguu inamtambaa sisimizi. Kesho yake hakuweza kuisimamia. Halafu mikono ikalegea, halafu uso, halafu akashindwa kumeza na sauti ikakatika. Mwishoni alibaki na macho. Alipumua kwa shida, lakini alipumua mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yake, kwa sababu mashine ya kumpumulia hatukuwa nayo.

Daktari aliwakusanya barazani. Nilikuwepo.

"Mishipa yake ya fahamu imechubuka," alisema, "kama waya wa umeme uliovuliwa ngozi. Ngozi hiyo hurudi polepole. Inaweza kuchukua miezi. Kazi yetu ni kuhakikisha hafi kwa kitu kingine kabla haijarudi: makohozi, vidonda, njaa. Halafu, tafadhali, jambo moja. Anasikia. Akili yake ni nzima. Mkiwa karibu naye, semeni kama mnaongea na mtu."

Hilo la mwisho tulilisikia wote, na wote tukalisahau kabla ya jioni.

"Nani kamfanyia?" Mwajuma aliuliza.

"Hakuna aliyemfanyia, mama. Mara nyingi huanza baada ya ugonjwa mwingine mdogo. Mafua, au tumbo la kuhara."

Mwajuma alimgeukia kaka yake taratibu. "Umesikia? Tumbo."

Hamisi alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Maana yake niliambiwa baadaye na Mwajuma mwenyewe, kwa sauti iliyofika mpaka wodi ya jirani. Hamisi alikuwa na mke mdogo, Tausi, msichana wa Ihumwa aliyejengewa Nkuhungu. Tausi alijifungua, mtoto akafanyiwa akika, Zuhura akaalikwa, akala pilau. Akarudi na tumbo la kuhara. Tumbo likapona, na kabla mwezi haujaisha miguu ikaanza kutambaa sisimizi.

"Waliokula walikuwa wengi," nilimwambia.

"Ndiyo," alisema. "Na sahani yake alipakuliwa na nani?"

Na niseme kweli, mtu akikuuliza swali kama hilo mara moja, unaondoka nalo.

Basi Mwajuma akahamia wodini. Alitandika mkeka chini ya kitanda cha Zuhura, kile cha dirishani, akawa mlinzi. Tukileta sindano, alitaka kuona chupa ikifunguliwa. Tukipitisha uji kwenye mpira wa puani, aliuonja kwanza. Tukivuta pazia kumsafisha mgonjwa, alilivuta tena. Alikuwa anafunua shuka nyuma yetu kuhakikisha kwamba tulipodai tumemsugua mgongo tulimsugua kweli. Siku moja nilimkuta ameshika chupa tupu ya dawa, anailinganisha rangi na chupa aliyoinunua dukani.

"Unatafuta nini, mama?"

"Natafuta dawa yangu, mwanangu. Nataka kujua kama imeingia kwa wifi yangu au imerudi dukani."

Nilikasirika mpaka machozi. Sista Damari alisikia, akasema tu, "Angefanya kazi nzuri hapa," akaendelea na raundi.

Tausi hakuruhusiwa na Mwajuma kupita mlangoni. Lakini alikuja, mtoto mgongoni, akazunguka jengo, akasimama nje ya dirisha. Hakulia, hakupiga kelele. Alisimama na chupa ya uji mkononi mpaka muuguzi mmoja aone aibu aipokee. "Mbukwa, sista," alisema, kama wasalimiavyo Wagogo kwao, kisha alimtazama Zuhura kwa muda mrefu. Sikumpenda yule binti. Mke mwenza ambaye halii ana sababu yake, nilifikiri.

Kisha Zuhura akaanza homa. Kifua kikawa kinakoroma. Tulikuwa na mashine ya kufyonza makohozi ya kukanyaga kwa mguu, ile ambayo ukiikanyaga sana nyonga inakuuma wiki nzima, na nilipofyonza, kilichokuja hakikuwa makohozi peke yake. Kilikuwa cha kahawia. Sista Damari alifungua chupa ya mashine akanusa.

"Mizizi," alisema. "Kuna mtu anampitishia kitu."

Uji wa dirishani. Nilijua papo hapo. Tukaacha kuupokea. Lakini homa haikushuka, na kesho yake kile cha kahawia kilikuja tena. Nikawa nahisi labda Tausi ana mtu ndani, labda mmoja wetu. Nilianza kuwatazama wenzangu mikono. Mjue shaka inavyofanya kazi: ikianza kula, haichagui sahani.

Mchana mmoja, saa ya chai, nilitangaza kwa sauti kwamba nakwenda kunywa. Nikatoka kwa mlango mkubwa, nikarudi kwa mlango wa stoo ya mashuka, nikasimama nyuma ya pazia la kitanda cha pili. Dirishani hakukuwa na mtu. Wodi ilikuwa imetulia, wagonjwa wanasinzia kwa joto.

Mwajuma aliinuka mkekani. Alitazama huku na huku, akafungua pindo la khanga, akatoa kichupa. Alijaza bomba la sindano, akauchomoa mfuniko wa mpira wa puani, na midomo ikaanza kusoma bismillahi. Alimimina polepole, kwa mkono mwepesi kama anamtilia mtoto dawa ya macho. Zuhura alikuwa amelala chali, macho yamemtoka.

Nilimshika kiwiko.

"Unafanya nini?"

"Namtoa sumu," alisema, wala hakushtuka. "Nyie mmekataa kuitoa."

"Unamzamisha! Amelala chali, hawezi kumeza, inarudi juu inaingia kwenye pafu. Homa yote hii ni wewe!"

"Na ile iliyoko kwenye damu yake, ni nani?"

Tulivutana lile bomba mpaka likadondoka likapasuka; mabomba yalikuwa ya kioo wakati ule. Wagonjwa wakaamka. Sista Damari akaja kwa mwendo wake uleule wa soksi. Kwanza alimwinua Zuhura kichwa, akamlaza ubavu, akaniamuru nikanyage mashine. Tulipomaliza ndipo alipomtazama Mwajuma, ambaye sasa alikuwa ameketi sakafuni kati ya vipande vya kioo, mikono juu ya kichwa.

"Nimemuua?" Mwajuma aliuliza.

"Bado," alisema Sista Damari.

Mimi nilitaka afukuzwe siku hiyohiyo, nikasema hivyo mbele yake. Sista Damari alinivuta pembeni.

"Ukimtoa huyu, nani atamgeuza mgonjwa kila saa mbili? Wewe? Una wodi nzima."

"Atamuua."

"Atamuua akiwa peke yake. Kamwite yule wa dirishani."

Nilidhani sikusikia vizuri. Lakini Tausi alipokuja alasiri aliingizwa kwa mlango kwa mara ya kwanza, na Sista Damari akawasimamisha wale wanawake wawili pande mbili za kitanda.

"Mgonjwa huyu hageuzwi na mtu mmoja," alisema. "Mmoja akimvuta, ngozi inachubuka, kidonda kinaanza, na kidonda kitamuua kabla ya sumu yoyote. Mwajuma, unamshuku huyu. Vizuri. Mtazame. Tausi, huyu amekutwa anampa mgonjwa dawa ya kienyeji. Mtazame na wewe. Mimi sina askari. Mtalindana nyie."

"Siwezi kumgusa wifi yangu pamoja na huyu," Mwajuma alisema.

"Basi nenda nyumbani."

Hakwenda. Alimshika Tausi mikono, akaigeuza, akachungulia chini ya kucha, akamkagua pete.

"Nikufungulie na kilemba?" Tausi aliuliza.

"Fungua."

Tausi akafungua kilemba, akakikung'uta mbele ya wodi nzima, akakifunga tena. Kisha wakamgeuza Zuhura.

Niliwafundisha mimi. Kichwa kiinuliwe kwanza, uji baadaye. Vuta kidogo kwa bomba uhakikishe mpira uko tumboni. Geuza kwa shuka, usivute ngozi. Spiriti mgongoni, kisha poda, kwenye nyonga, visigino, na nyuma ya masikio, ambako wengi wenu husahau. Nyoosha vidole kimoja kimoja visikakamae. Walijifunza haraka, kwa sababu kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake akosee. Hawakuzungumza. "Tayari?" "Tayari." Hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi yao kwa majuma mengi. Kila asubuhi Tausi alisema "Mbukwa, wifi," na kila asubuhi Mwajuma alikuwa ghafla ana shughuli na ndoo.

Tausi alikuwa na tabia ya kuinama karibu na sikio la Zuhura na kunong'ona. Mwajuma alisema anamsomea maneno ya kichawi. Hata mimi nilisogea kusikiliza, nikijifanya napanga mito. Alikuwa anamhadithia kwamba mtoto ameanza kutambaa, kuku amehamia kutagia kwenye kiatu cha Hamisi, na Hamisi ametafuta kiatu hicho mpaka akachelewa dukani. Nilingoja kusikia kingine. Kingine hakikuja. Nikasema moyoni, labda ameniona.

Siku moja tuligundua Zuhura anaweza kutazama juu akitaka. Nikamwambia: juu ni ndiyo, pembeni ni hapana. Una kiu? Juu. Unaumwa kichwa? Pembeni. Nilifurahi, nikageuka kumwita daktari, na nilipogeuka tena Mwajuma alikuwa ameshainama.

"Zuhura. Ni huyu aliyekufanyia?"

Tausi alikuwa upande wa pili na chupa ya poda mkononi. Macho ya Zuhura hayakwenda juu, hayakwenda pembeni. Yalijaa machozi, yakatazama dari.

"Umeona?" Mwajuma akaniambia.

Nilichokiona sikujua kukisoma. Tausi akasema, "Muulize tena kesho, wifi. Sasa mgongo haujakauka," akaendelea kupaka poda.

Mvua zilikuja, zikakatika. Bega la kulia likacheza kwanza. Halafu shingo. Siku alipomeza kijiko cha maji bila kukohoa, Hamisi, ambaye alizoea kusimama miguuni pa kitanda akikunja kofia, alitoka nje akalia ukutani. Mpira wa puani tukautoa. Sauti ilirudi mwisho, nyembamba, yenye mikwaruzo.

Neno la kwanza alilosema la kueleweka lilikuwa kwangu: "Yule muuguzi mnene aliyesema kitanda hiki kitakuwa wazi karibuni, yuko wapi?" Muuguzi huyo alikuwa hatua chache tu. Aliingia stoo ya mashuka na hatukumwona mpaka mchana.

Ndipo tulipokumbuka daktari alichotuambia barazani. Mwajuma alikumbuka pia. Alimtuma mtu amwite Hamisi, akamwita Tausi, akafunga dirisha.

"Sasa una ulimi," alisema. "Kaka yangu yuko hapa. Sema mwenyewe. Nani?"

Zuhura alichukua muda. Pumzi yake ilikuwa bado fupi, alilazimika kuikusanya.

"Nilidhani ni yeye," alisema, akimtazama Tausi. "Ulipouliza siku ile, nilitaka kusema ndiyo. Sikuwa na hakika. Nilimwogopa. Kila aliponigusa nilisema leo ananimalizia."

Tausi aliinamisha kichwa.

"Nikangoja. Sina pa kukimbilia, ningefanya nini? Nikangoja. Anakuja, ananigeuza, ananiambia habari za kuku. Wewe ukisinzia pale mkekani, wifi, ananikata kucha. Alikuwa na nafasi ngapi? Hakufanya kitu. Nilikuwa naumwa tu, Mwajuma. Niliumwa, basi."

Hamisi alifungua mdomo aseme alhamdulillahi. Mwajuma alimtangulia.

"Na hizo kucha," alimwuliza Tausi, "ulizipeleka wapi?"

Kisha kitandani kukatoka sauti ya ajabu, kama bawaba kavu, na mimi nikaruka kutafuta mashine nikidhani anapaliwa. Alikuwa anacheka. Uso ulikuwa bado haujui kucheka, ulikuwa unavuta upande mmoja, lakini alikuwa anacheka, na Tausi, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alikaa sakafuni akalia kwa sauti.

Zuhura alitoka wodini kwa miguu yake, akitegemea fimbo. Mgongo wake haukuwa na kidonda hata kimoja. Nimewahi kuwasikia mkilalamika juu ya ndugu wa wagonjwa wanaochungulia, wanaouliza, wanaofungua chupa. Wanachosha, najua. Lakini sijawahi kufanya kazi kwa unadhifu kama nilivyofanya chini ya macho ya mwanamke aliyeniona mwizi. Alikaribia kumuua wifi yake kwa kichupa, na alimwokoa kwa kufunua shuka. Yote mawili ni kweli, na nimeshindwa kuyafanya yawe moja.

Siku ya kuondoka Mwajuma alinishukuru kwa kunipa kitenge kizuri. Kisha akaniambia, "Wewe ni mtu mwema, sista. Ila mpaka leo sijajua kwa nini mlikuwa mnavuta lile pazia."

Sikumwona tena muda mrefu. Halafu asubuhi moja, napita wodi ya wazazi kuazima mizani, nikamkuta amekaa kwenye benchi la mlangoni, chupa ya uji miguuni, beseni na mashuka pajani. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwuliza hali ya Zuhura.

"Yuko kibandani anagombana na wateja. Mkono wa kushoto bado mzito, lakini mdomo ni mzima."

"Na hapa umemleta nani?"

"Tausi. Uchungu umemshika tangu alfajiri."

"Umemleta wewe?" Sikuweza kujizuia. "Mwajuma, wewe?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa viatu.

"Ulitaka nimwache peke yake," alisema, "na nyinyi?"

Mkunga akapita na trei. Mwajuma akainuka upesi, akamsimamisha katikati ya korido, akaanza kusoma maandishi kwenye chupa ya dawa.